Baiskeli Imerudi Tena: Kutafuta Kasoro za Karakana ya Vijana

Karakana yetu iko Busia, upande wa Uganda, si mbali na mpaka. Mezani pana madaftari mawili. La kwanza linaandikwa kila baiskeli inayoingia. La pili, lenye jalada jekundu, ni la baiskeli zilizorudi na ugonjwa uleule kabla ya wiki mbili kwisha. Hilo jekundu ndilo ninalolifungua kwanza kila Jumatatu asubuhi, kabla hata ya sanduku la spana.

Zamani baiskeli ikirudi tuliuliza, "Nani aliitengeneza?" Kijana anatajwa, anainamisha kichwa, anakaripiwa mbele ya wenzake, na wiki inayofuata inarudi baiskeli nyingine yenye kasoro ileile kutoka mikono mingine. Siku hizi tunauliza: alikosa nini hapa karakanani hata kazi ikaharibika? Ni mwanga, ni spana ya saizi yake, ni muda, au ni mtu mzima wa kumwonyesha? Karibu kila mara jibu linapatikana, na mara nyingi kulirekebisha ni juu yetu sisi wasimamizi.

Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, kwa ajili yako unayesimamia karakana kama yetu, iwe Tororo, Soroti, Kasese au Arua. Tafuta inayokusumbua uanzie hapo. Dawa nyingine ni ya nusu saa, nyingine ni ya msimu mzima.

Pancha iliyozibwa jana, leo iko chini

Hii ndiyo iliyojaza daftari jekundu kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo. Kabla ya kuvua tyubu, chora alama ya chaki kwenye tairi mkabala na valvu. Jaza upepo, zamisha tyubu kwenye beseni la maji, ona mapovu yanatokea wapi, kisha ilaze tena juu ya tairi kwa kufuata ile chaki. Mahali palipo na tundu panakueleza kilichotokea.

Tundu moja upande wa nje, pale tyubu inapogusana na tairi, huenda ni mwiba, na mwiba wenyewe bado umo. Papasa ndani ya tairi kwa kitambaa cha pamba. Kitambaa kitanasa mahali ambapo kidole hakihisi kitu. Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba ni ya kubanwa: gurudumu liligonga ukingo wa shimo likiwa na upepo haba, tyubu ikafinywa kwenye rimu. Huyo mara nyingi ni mtu wa mizigo. Jerikeni nne za lita 20 zilizojaa maji ni kilo 80 kabla mwendeshaji hajapanda, na tairi ya nyuma iliyolegea haihimili. Tundu likiwa upande wa ndani, unaoelekea rimu, tafuta spoki iliyotokeza kichwa au utepe wa rimu uliooza. Piga tupa ile spoki, kisha zungushia utepe uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Na ikiwa tyubu imechanika kwenye shina la valvu, usipoteze solusheni, yaani gundi ya viraka. Tairi imekuwa ikiteleza juu ya rimu kwa kukosa upepo na kuivuta valvu. Kiraka hakikai pale.

Kabla hujaihukumu tyubu, weka tone la mate juu ya valvu. Baiskeli nyingi nyeusi za huku zina valvu yenye kimpira chembamba ndani, na kimpira hicho huoza kwa joto. Povu likipanda, badilisha kimpira tu.

Sasa, haya yote vijana wetu waliyajua, na bado pancha zilirudi. Jumamosi moja nilikaa pembeni bila kusema neno, nikamtazama mwanafunzi wetu wa miaka kumi na minne akiziba tyubu. Alipitisha msasa mara tatu. Akapaka solusheni, akaipuliza kwa mdomo, akabandika kiraka ikiwa bado inang'aa. Mwenye baiskeli alikuwa amemsimamia kichwani, mkono kiunoni: "Kijana, fanya haraka, mzigo unaningoja." Baadaye nilimuuliza mtoto anitajie hatua za kuziba pancha. Alizitaja zote bila kukosea, pamoja na ile ya kungoja solusheni ikauke mpaka ipoteze mng'ao. Alijua. Alimwogopa mteja.

Solusheni hushika baada ya umajimaji wake kupotea hewani. Ukibandika mapema, mvuke unabaki chini ya kiraka na kukibandua polepole, ndiyo maana upepo unatoka kesho yake na si papo hapo.

Tulifanya mambo mawili. Benchi la wateja tulilitoa nje, chini ya mwembe, tukachora mstari sakafuni ambao mteja havuki hata akiwa mkubwa wa mji. Kisha tukaunganisha kazi: dakika tano za kungoja solusheni ndizo dakika tano za kupapasa tairi. Kijana hasimami bure, mteja haoni mtu amekaa, na mwiba unapatikana. Kama una nguvu ya kubadilisha jambo moja tu baada ya kusoma hapa, badilisha hilo.

Pedali inagonga kila mzunguko

Roadmaster, Hero na baiskeli nyingine za mizigo za aina hiyo bado hushikilia mikono ya pedali kwa kotapini, kile kipini cha chuma chenye ubapa upande mmoja. Ikigonga siku mbili baada ya kubadilishwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba kijana aliiingiza kwa vidole halafu akaivuta kwa kukaza nati. Nati haina nguvu hiyo. Kazi yake ni kuzuia pini isirudi nyuma. Kuikaza pini yenyewe ni kazi ya nyundo. Ukilazimisha, nyuzi zinakatika, ubapa haulali vizuri juu ya ekseli, na mkono unaanza kucheza.

Mbona hakupiga nyundo? Nilimuuliza mmoja wao. Akasema, "Mwalimu, nikipiga, gololi za ndani zinaumia." Na alikuwa sahihi kabisa. Ukipiga bila kitu cha kuegemeza chini ya mkono wa pedali, pigo lote linaingia kwenye gololi na vikombe vyake. Mtoto alikuwa akiilinda baiskeli kwa njia pekee aliyoiona. Tukaomba kwa mchomeleaji jirani kipande cha bomba la chuma kizito, tukakikata kwa urefu wa kutoka sakafuni hadi kwenye mkono wa pedali. Kinasimamishwa chini yake, ncha ya pini inaingia kwenye tundu la bomba, na pigo linashuka ardhini. Hakuna kifaa chetu kilichogharimu kidogo kama hicho na kusaidia sana namna hiyo.

Pini mpya nayo huwa haikai kama ilivyotoka dukani. Ipige tupa ubapa wake kidogo kidogo huku ukiijaribu, mpaka ikipigwa itokeze nyuzi za kutosha nati. Pini mbili zielekee kinyume: mikono ikiwa imelala, nati ya mmoja ikitazama juu, ya mwenzake itazame chini. Zikielekea upande mmoja pedali hazitakuwa kwenye mstari mmoja, na mwendeshaji atahisi anachechemea. Baada ya siku moja ya kuendeshwa, pini inakuwa imejipanga. Igonge tena, ikaze nati tena. Sisi humwambia mteja wazi: "Mama, rudi kesho asubuhi, hulipi kitu." Kurudi huko hakuandikwi kwenye daftari jekundu.

Hapo hapo kuna mtego wa nyuzi za kinyume. Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha upande ambao nyingine hufungwa. Kikombe cha kulia cha ekseli ya pedali, kwenye baiskeli za mtindo wa Kiingereza, ni vivyo hivyo. Kijana mwenye nguvu na nia njema anaweza kuua mkono wa pedali kwa dakika moja. Weka nukta ya rangi nyekundu kwenye kila pedali ya kushoto inayoingia karakanani. Maneno husahaulika, rangi inabaki pale pale kwenye chuma.

Gurudumu limepakwa grisi, sasa linasaga

Hesabu gololi. Gurudumu la mbele huwa na 10 kila upande, zile ndogo za inchi 3/16. La nyuma 9 kila upande, za inchi 1/4. Ekseli ya pedali 11 kila upande, za inchi 1/4 pia, isipokuwa zile zilizofungwa ndani ya kishikizo cha bati. Tumeyaandika ukutani kwa rangi, makubwa, mahali ambapo mtu aliyechuchumaa anaweza kuyasoma.

Mara tatu mfululizo tulifungua gurudumu lililorudi tukakuta gololi 8 upande mmoja. Sakafu yetu wakati huo ilikuwa ya murramu. Gololi ikidondoka inapotea, na aliyeipoteza anaona haya kuja kuomba nyingine kwa sababu chupa ya gololi ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la msimamizi, yaani mimi. Anafunga na nane, anaomba Mungu. Tulileta sufuria pana ya bati ya kufungulia kila gurudumu, na chupa ya gololi ikatoka kabatini ikawekwa mezani bila kifuniko. Hakuna anayeulizwa kwa nini amechukua.

Usichanganye gololi mpya na za zamani upande mmoja. Mpya ni kubwa kwa kiasi ambacho jicho halioni, na ndiyo itakayobeba mzigo wote peke yake. Badilisha zote.

Mnyororo mpya unaruka

Mteja amesema mnyororo umechoka, kijana ameuza mnyororo, na sasa unaruka kwenye kila mlima. Meno ya friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma, yameliwa kufuata mnyororo wa zamani. Mpya haukubaliani nayo. Kosa ni kutengeneza kile mteja alichokinyooshea kidole.

Mnyororo hupimwa. Chukua rula ya inchi 12, weka alama ya sifuri kwenye katikati ya pini moja. Mnyororo mzima utaonyesha pini nyingine kwenye inchi 12 barabara. Pini ikipita kwa inchi 1/16, badilisha mnyororo peke yake. Ikipita kwa 1/8, friwili nayo imekwisha, na mteja aambiwe hivyo kabla ya kutoa pesa. Rula yetu inaning'inia mlangoni na tunapima mteja akiona.

Mlima wa baiskeli za msaada ambazo haziishi

Kontena lilifika na baiskeli kutoka Ulaya, tukapiga picha, tukashangilia. Mwaka mmoja baadaye nyingi zilikuwa bado zimelala ukutani, zikiliwa na kutu, na vijana wakipita juu yake kwenda kuchukua pampu.

Chanzo kikubwa ni namba. Tairi mbili zinaweza kuandikwa 28 zote na zisiingiane kamwe. Baiskeli zetu za mizigo zina rimu ya milimita 635. Nyingi za Ulaya zenye jina hilohilo la 28 zina rimu ya milimita 622. Tofauti ni milimita 13, na kijana atapambana na tairi mchana kutwa akidhani mikono yake ndiyo dhaifu. Vivyo hivyo 26: kuna ya 559, ya baiskeli za milimani, na kuna ya 590. Usisome namba kubwa ya inchi. Soma ile ndogo iliyochapwa ubavuni mwa tairi, mfano 37-622 au 40-635. Hiyo ya mwisho haidanganyi.

Tenga siku nzima, ziandike zote kwa namba hiyo, kisha uende sokoni na orodha. Ambazo tairi na tyubu zake zinauzwa mjini kwako, zitengeneze. Zisizo na vipuri hapa, zivunje kwa moyo mkunjufu: gololi, waya za breki, mikono, viti, nati. Inauma kuvunja baiskeli nzuri, najua. Lakini baiskeli isiyo na tairi mjini ni ukuta tu. Na umwandikie mfadhili kwa heshima umweleze aina zipi zinafaa. Wafadhili wengi hawajawahi kuambiwa.

Spana zinapotea

Kabla hujamshuku mtoto wa mtu, piga deki nyuma ya kabati na chini ya mlima wa baiskeli. Za kwetu nyingi zilikuwa huko. Chora umbo la kila spana kwenye ubao kwa rangi, ili pengo lionekane kutoka mlangoni, na kuhesabu kufanywe na wote kwa pamoja saa kumi na moja jioni kabla ya mtu kunawa mikono. Kuwakata vijana pesa kwa spana iliyopotea ni kosa. Tulijaribu, na matokeo yake waliacha kabisa kugusa spana nzuri, wakawa wanatumia spana malaya, ile ya kupanua na kubana, inayokula pembe za nati.

Vijana wanakuja wiki mbili, kisha hawaonekani

Nenda nyumbani kwao. Usitume mtu. Mimi nilikwenda kwa watano, nikarudi na sababu ambazo nisingezipata kwenye mkutano.

Wawili walikuwa wamechoka na pampu. Mgeni anapofika anapewa pampu na kitambaa, na wiki ya nne bado ameshika pampu, kwa sababu wakubwa wameshikilia magurudumu. Huko ndiko heshima iliko na hawaiachii. Tukatengeneza ngazi ya kazi, karatasi ukutani yenye jina la kila mmoja: pancha, breki, mnyororo, kotapini, gololi, spoki. Ukifanya kazi mara tano na hakuna iliyorudi kwenye daftari jekundu, unapanda. Na ukipanda, unamfundisha mmoja ile uliyoitoka. Hapo mkubwa anapata sababu ya kuachia.

Mmoja alikuwa shambani. Mvua za Machi zinapoanza, familia inapanda, na hakuna karakana duniani inayoshinda jembe la mama yako. Tulikuwa tukifuta majina ya watoro. Sasa tunaandika "msimu" na nafasi yake inamngoja.

Wa nne alikuwa na njaa. Hakusema hivyo, mama yake ndiye aliyesema. Alikuwa akitoka nyumbani saa moja bila chai, na kufika saa tano mikono inatetemeka. Tangu hapo tuna uji wa saa nne. Ukitaka kujua kwa nini magurudumu yalikuwa yakinyooshwa vibaya kabla ya saa saba mchana, jibu mojawapo ni hilo.

Wa tano alisema jambo lililonikaa moyoni: "Mwalimu, natengeneza za watu, nyumbani natembea kwa miguu." Kilomita saba kwenda, saba kurudi. Leo kila kijana aliyemaliza nusu-siku thelathini anachagua fremu kutoka kwenye ule mlima na kujiundia baiskeli yake, kwa vipuri vya karakana, chini ya macho ya fundi. Anaiunda polepole na kwa makini kuliko kazi yoyote ya mteja, kwa sababu atakayeanguka breki zikikataa ni yeye.

Hapa niseme kuhusu umri. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inaweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Aliye chini ya hapo kwetu ni mwanafunzi. Anakuja Jumamosi na wakati wa likizo, hafanyi kazi ya kulipwa kwa idadi, na saa za shule hatumpokei hata akija na mzazi. Karakana ikianza kutegemea mikono midogo ili kumaliza foleni, foleni ndiyo ya kupunguzwa.

Wasichana hawaji, au wanakuja siku moja

Tulikuwa na maelezo mengi ya busara juu ya mila na wazazi. Kisha tukawauliza wenyewe. Choo hakikuwa na komeo. Hilo ndilo lilikuwa jibu la kwanza, na tulilirekebisha alasiri ileile kwa komeo moja na skrubu nne. La pili lilikuwa wanaume wanaokaa mlangoni bila baiskeli na kutoa maoni. Wakahamishwa pamoja na benchi. La tatu, ovaroli: zilikuwa za saizi moja, kubwa, na hapakuwa na mahali pa kubadilishia nguo.

Kuhusu nguvu, nati iliyoshikwa na kutu haimwogopi mvulana pia. Chomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, mafuta ya taa kidogo, ungoje. Anayenyoosha magurudumu yetu siku hizi ni binti wa miaka kumi na minane. Anazungusha gurudumu kwenye stendi, anagusa kila spoki kwa ukucha na kusikiliza. Inayolia chini kuliko majirani zake upande uleule imelegea. Yeye ndiye aliyetuondolea imani kwamba spoki hukatika kwa kukazwa sana. Spoki za gurudumu la nyuma zinazokatika kwenye kiwiko, pale zinapotoka kwenye habu, kitovu cha gurudumu, mara nyingi zilikuwa zimelegea: kila mzunguko chini ya mzigo zinapinda na kunyooka, zinapinda na kunyooka, mpaka chuma kinachoka. Ukibadilisha moja iliyokatika bila kusawazisha zote, nyingine itafuata wiki hiyohiyo.

Magurudumu yanayompa kazi zaidi ni ya baiskeli za magurudumu matatu za watu wenye ulemavu wanaovusha mizigo mpakani, wakizungusha kwa mikono. Hao hawangoji foleni. Chombo chao kikikaa kwetu, siku yao ya kazi imekwisha, na mwenyewe hana namna ya kufika nyumbani.

Kazi ni nyingi, kopo la pesa ni tupu

Tazama vipuri kwanza. Ukinunua tyubu kwa shilingi 10,000 na kuiuza kwa 10,000 kwa huruma, umelipa nauli ya kuifuata sokoni kutoka mfukoni mwa vijana. Kisha tazama deni. Mwenye boda wa jirani atasema nitalipa jioni, na ni mtu mwema kweli, lakini jioni ana watoto.

Tuna makopo matatu yaliyoandikwa: vipuri, mafundi, karakana. Kila malipo yanagawanywa palepale, mbele ya aliyefanya kazi. La vipuri haliguswi kwa chakula wala kwa msiba. Bei zimeandikwa ubaoni mlangoni, na pesa za simu zinaingia kwenye laini ya karakana, kamwe si ya msimamizi.

Mafundi wa barabarani wamenuna

Tulipoanza, tulitoza nusu ya bei ya mji kwa sababu spana zetu zilikuwa za msaada. Mzee mmoja anayeziba pancha chini ya mti njia ya sokoni alikuja, akakaa, akanywa maji, ndipo akasema: "Mwanangu, mimi nasomesha wajukuu kwa pancha."

Tukapandisha bei siku ileile hadi kulingana naye. Punguzo likabaki kwa wanafunzi wenye sare na kwa wale wa magurudumu matatu. Mzee sasa anakuja Alhamisi kufundisha kupanga spoki, kwa malipo, na vijana wanamwamkia shikamoo kabla ya kugusa kitu. Mji huu ndio jina boda boda lilikozaliwa, kutokana na watu waliovusha abiria mpakani kwa baiskeli miaka ya 1960, na wazee kama huyu wanajua mambo ya baiskeli yenye mzigo ambayo hayajaandikwa popote.

Baiskeli imeletwa na mtu asiyejua namba yake

Kila baiskeli inayoingia inaandikwa namba ya fremu, huwa chini ya ekseli ya pedali au karibu na kiti, pamoja na jina na simu ya aliyeileta. Hatununui fremu bila barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, wa muuzaji. Namba iliyosagwa kwa tupa hatuitengenezi. Vijana wafundishwe kukataa kwa adabu na kumwita mtu mzima, maana mwizi akimwona mtoto peke yake atamtisha.

Fundi wako bora ameondoka

Wasimamizi wengi hunilalamikia hili kama ugonjwa. Mimi nalitafuta. Kijana aliyefika juu ya ngazi na kutimiza miaka 18 anapaswa kuwa na kivuli chake mwenyewe cha kufanyia kazi mahali fulani wilayani kwetu, Lumino au Masafu, ambako mtu hutembea mbali kutafuta kiraka. Anaondoka na sanduku: pampu, spana za 14, 15 na 17, spana ya spoki, koleo, nyundo, tupa, bisibisi, beseni, na kipande cha bomba la kotapini. Stendi ya kunyooshea magurudumu hatuwezi kumpa kila mmoja, kwa hiyo Jumamosi jioni yetu iko wazi kwao.

Kabla ya kukabidhiwa, ana mtihani mmoja. Anapewa habu ya nyuma, rimu tupu na spoki 40 mezani. Analiunda gurudumu peke yake, analifunga kwenye baiskeli ya mizigo, tunapakia jerikeni nne zilizojaa, naye anaiendesha hadi Dabani na kurudi. Akifika anashusha mzigo, anageuza baiskeli miguu juu, na mwanafunzi mdogo kuliko wote ndiye anayepita spoki moja moja kwa ukucha huku sote tumenyamaza. Ikilia moja iliyolegea, anaisawazisha na kwenda tena kesho. Zikilia sawasawa zote 40, anafungua sanduku na kuhesabu vifaa vyake.